Kuzikana Tumejua, Kushauriana Je?

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii imeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la chama chetu cha kufa na kuzikana, ambacho mimi ni katibu wake. Wanachama ni walimu na wahadhiri. Kila mwezi twatoa mchango, na mmoja wetu anapofariki au kufiwa, chama hununua jeneza, hukodisha basi na hema, na hulisha waombolezaji. Twajivunia hayo, wala si bure.

Lakini msomaji mpenzi, kuna jambo lililonikosesha usingizi. Miezi mitano baada ya kumzika mwalimu mwenzetu, nilikutana na mjane wake nje ya mahakama. Mkononi alikuwa na mfuko uliojaa stakabadhi. Nduguze marehemu walikuwa wamekwisha kuvuna mahindi na kuuza ng'ombe wawili. Siku hiyo ndipo alipoelezwa na karani kwamba kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi humkataza mtu yeyote asiyeidhinishwa kisheria kuigusa mali ya marehemu. Mwanawe wa kidato cha pili naye alikuwa ameacha kusema na watu.

"Shemeji," aliniambia, "mlinizikia mume wangu vizuri sana. Lakini mlipopanda basi kurudi mjini, hakuna aliyekuja tena kuniuliza neno."

Nilikosa la kujibu.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na yamkini ndiyo sababu niliondoka pale nikilitafakari jina la chama chetu. Kauli ya kutendana huhitaji pande mbili zinazorudishiana tendo. Wanaosaidiana, leo huyu humsaidia yule, na kesho yule humsaidia huyu. Je, kuzikana? Aliyezikwa hawezi kufufuka amzike aliyemzika. Deni lake halilipiki kwake. Hulipwa kwa jamaa aliowaacha. Kwa hivyo neno lenyewe, tukilichunguza vyema, latudai tusiishie kaburini. Ama kushauriana na kuliwazana, hayo twaweza kurudishiana tungali hai, ilhali ndiyo ambayo katiba ya chama chetu haiyataji hata mara moja.

Vyama vya namna hii si vigeni kwetu. Vyama vya ngoma ya beni vilizuka katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vikaenea hadi Tanganyika. Vilikuwa na vyeo vya kifalme na vya kijeshi, na wengi waliviona kuwa mchezo tu. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka wa 1975, alionyesha kwamba nyuma ya gwaride hilo palikuwa na msaada wa kweli baina ya wanachama. Jambo lililowaunganisha watu hao halikuwa mazishi peke yake.

Wapo watakaosema kwamba kuwaliwaza waliofiwa ni kazi ya kanisa, msikiti na wazee wa ukoo. Sipingi. Hata hivyo, ukoo ndio uliouza ng'ombe wale wawili. Aidha, mwenye dhiki mara nyingi huchelea kuisema mbele ya jirani, asije akaisikia kesho sokoni. Sisi walimu twalijua hilo. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976, umuhimu wa ushauri nasaha katika shule zetu umehimizwa mara kwa mara. Mwanafunzi akizidiwa, yuko mwalimu wa kumwendea. Mwalimu huyo akizidiwa yeye, aende kwa nani?

Nimependekeza mambo manne. Kwanza, kila familia iliyofiwa ipewe karatasi moja yenye kueleza hatua za mirathi kwa lugha nyepesi: cheti cha kifo, barua ya chifu, ombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za wenye pingamizi, na miezi sita ambayo kwa kawaida hupita kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Pili, wanachama wawili, mwanamume na mwanamke, waitembelee familia hiyo baada ya siku arobaini, kisha tena baada ya nusu mwaka. Tatu, sehemu ndogo ya michango itengwe kumlipa mshauri aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014, kwa kuwa moyo mwema pekee haumfanyi mtu kuwa mtaalamu. Nne, daftari lionyeshe kiasi kilichotumika, lisionyeshe jina wala sababu. Pasipo siri, hatakuja mtu.

Nilipoyasoma hayo mkutanoni, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama. "Mwalimu," akauliza, "pesa za walio hai tutazitoa wapi?"

"Tutazitoa panapotoka za waliokufa, mzee wangu," nikamjibu. "Tukipunguza hema moja na sufuria mbili za pilau, zitapatikana."

Baadhi walicheka, wengine wakanyamaza. Iliamuliwa kwamba hoja irudishwe katika mkutano ujao, nami nitairudisha. Nawasihi walimu wenzangu walio katika vyama kama hiki waiwasilishe kwao pia, na wanafunzi wawaulize wazazi wao kama vyama vyao vina kipengele cha aina hiyo.

Wakati huohuo, mjane yule ametakiwa kurudi mahakamani. Mimi na mke wangu tutafuatana naye. Chama hakijatutuma, lakini aliniita shemeji, na neno hilo lina wajibu wake.