Mhadhiri arudipo darasa la kwanza

Mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 46 na shahada ya uzamifu ikining'inia ukutani, nilijiandikisha kuwa mwanagenzi wa piano ya jazi. Anayenifundisha ni kijana wa miaka 24 ambaye hupiga muziki hotelini usiku na kufundisha mchana. Yeye huniita Daktari, nami humwita Mwalimu. Somo la kwanza halikuisha kabla sijabaini ni cheo kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa na uzito mle chumbani.

Nilikuwa nimejiandaa kama wasomi tujiandaavyo. Nilinunua vitabu vitatu, nikakariri skeli kuu zote 12 na majina ya kordi zake. Nilijua kwamba piano ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Mwalimu alinisikiliza kwa adabu hadi nilipomaliza, kisha akasema, "Vyema, Daktari. Sasa nipigie kitu." Vidole vikaganda. Sikuwa na la kupiga.

Walimu wenzangu wasomao ukurasa huu hapana shaka wamekwisha kuitambua hali hiyo. Ndiyo ya yule mwanafunzi wa kidato cha nne awezaye kuzitaja ngeli zote za Kiswahili bila kukosea, lakini ukimsimamisha aeleze alivyoitumia likizo, macho yanamtoka. Tumempa sarufi ya lugha ambayo hatujampa fursa ya kuinena.

Mwalimu wangu alivichukua vile vitabu, akaviweka juu ya kabati, na kwa wiki sita sikuvigusa. Kazi yetu ikawa kusikiliza. Aliimba kipande cha noti nne, nikakiimba, kisha nikakitafuta kwa kidole mpaka nikakipata. Baadaye tukaingia bluzi, ule muundo wa vipimo 12 uliozaliwa na Wamarekani weusi na ambao jazi imeutegemea tangu utoto wake. Kila kipimo kina mapigo manne. Ukianzia C, hukaa kwenye kordi ya C kwa vipimo vinne, ya F kwa viwili, ukarejea C kwa viwili, kisha G kimoja, F kimoja, na kumalizia C viwili. Aghalabu, yanapoimbwa maneno, vipimo hivyo hugawika katika mishororo mitatu: wa kwanza husema jambo, wa pili hulirudia, wa tatu hulijibu. Aijuaye tathlitha hatapotea humo. Watu wengi hudhani kwamba mpiga jazi hubuni kutoka hewani. La hasha! Hubuni ndani ya mipaka, sawa na malenga wetu wanaolumbana papo kwa papo huku vina na mizani vikiwabana.

Kanuni zilikuja baadaye, na hapo ndipo raha ilipokuwa. Siku moja alinionyesha mfululizo wa kordi tatu ambao hujirudia katika nyimbo za jazi zisizohesabika: D ndogo yenye noti ya saba, G yenye noti ya saba, kisha C kuu. Mkono wa kushoto hubonyeza noti mbili tu kwa kila kordi. Kwanza F na C. Kisha C hushuka nusu hatua ikawa B huku F ikitulia. Kisha F hushuka ikawa E huku B ikitulia. Nilicheka peke yangu. Huu si upatanisho wa kisarufi? Neno hubadilisha kiambishi chake kwa kulazimishwa na jirani yake, na lisipobadilisha, sikio huchukia. (Mwanaisimu ni kama mkulima: hutazama mawingu hata akiwa harusini.) Maelezo yayo hayo nilikuwa nimeyasoma kitabuni mara kadhaa nisiyaelewe, kwa kuwa sikio langu lilikuwa bado halijayahitaji.

Nisieleweke kwamba nayadharau maandishi. Ni kweli Erroll Garner, aliyetunga "Misty" mwaka 1954, hakuwahi kujifunza kusoma noti. Lakini Mary Lou Williams, aliyezaliwa Atlanta mwaka 1910, alianza kwa sikio angali mtoto, akaishia kuziandikia bendi kubwa kubwa muziki. Katika miaka ya 1940 vijana kama Thelonious Monk na Bud Powell walikusanyika nyumbani kwake Harlem, na kutoka 1977 hadi alipofariki mwaka 1981 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Duke. Ninachogombania ni mpangilio: sikio kwanza, jicho baadaye.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma. Katika wiki ya tisa, nikijaribu kubuni huku Mwalimu akinisindikiza upande wa sauti nzito, nilibonyeza F iliyopandishwa nusu hatua mahali isipostahili. Nilisita, nikangoja kukosolewa. Yeye hakusimama. Katika mzunguko uliofuata aliirudia noti ile ile kwa makusudi, akaipandisha hadi G, na kosa langu likawa njia ya kufikia mahali pazuri. "Endelea, Daktari," akasema.

Nilimkumbuka binti mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye, miaka mingi iliyopita, alisimama katika semina yangu akasema "vitabu ile". Nilimkatiza. Akaanza upya, nikamkatiza tena, mara tatu katika sentensi moja, wenzake wakicheka. Aliketi, na hakufungua kinywa tena hadi muhula ukaisha. Mtihani aliupita vizuri. Mimi nilihesabu kwamba nimefundisha.

Muhula huu nimeiweka kando chati ya alama za fonetiki kwa wiki mbili za mwanzo. Wanafunzi walirekodi kwa simu mazungumzo ya nyumbani kwao, tukayasikiliza darasani kabla ya kuandika lolote. Mwenzangu mmoja idarani ameniuliza silabasi itakamilishwa na nani. Swali lake ni la haki, maana ukumbi wangu una watu 90, ilhali kwenye piano mwanafunzi ni mimi peke yangu. Isitoshe, mtihani wa mwisho ni ule ule wa karatasi, wa muda wa saa tatu, kimya kimya. Niliutunga mwenyewe, na halimo swali hata moja linalomtaka mwanafunzi afungue kinywa.