Flashi Ikivunjika, Usiitupe

Ndugu mkulima, pengine hesabu zako za maziwa na risiti za mkopo wa shamba zimo katika flashi. Siku moja flashi imo ndani ya kompyuta, mtu anaigonga kwa mkono, nayo yavunjika shingo. Je, hesabu zimepotea? Mara nyingi, la.

Ndani ya flashi mna kibao chembamba, na juu yake kipande cheusi kinachotunza maandishi. Kinachovunjika kwa kawaida ni ncha ya chuma, pale ilipolehemiwa. Flashi ya kawaida ina njia nne tu: mbili za umeme, mbili za habari. Fundi stadi aweza kuzilehemu tena.

Basi fanya hivi. Kusanya vipande vyote. Usitumie gundi, wala usiichomeke tena na tena. Kompyuta ikiuliza kama uifomati, kataa. Ikifunguka, nakili yote mara moja, kisha usiitegemee tena.

Lakini kipande cheusi kikipasuka, hakuna dawa. Kwa hiyo weka nakala ya pili mahali pengine. Mkulima mwenye busara haweki mbegu zote katika ghala moja.