Je, Wajua Git Hutunzaje Kazi Yako?

Fungua kompyuta ya anayejifunza kuandika programu na huenda ukakuta "mradi", "mradi mpya", "mradi wa mwisho" na "mradi wa mwisho kabisa". Ukimuuliza ni upi uliokuwa ukifanya kazi juzi, hajui. Dawa ipo, ni ya bure, nayo inaitwa Git.

Iliandikwa kwa dharura. Aprili 2005, kampuni yenye BitKeeper, chombo kilichotunza matoleo ya Linux, iliondoa ruhusa ya kukitumia bila malipo. Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha Linux, akaanza kuunda chake tarehe 3. Kufikia tarehe 7, Git ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe. Julai akamkabidhi Junio Hamano usimamizi.

Uzuri wake umo ndani. Kila unapohifadhi toleo, Git huweka hali ya mradi mzima ulivyo wakati huo, lakini faili isiyobadilika hainakiliwi upya. Kila kinachowekwa hupewa alama, kwa kawaida ya herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ongeza nukta moja tu, alama inageuka. Na kwa kuwa kila toleo hubeba alama ya lililolitangulia, hakuna awezaye kuchezea toleo la zamani kimyakimya: alama za yote yaliyofuata zingebadilika. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ustadi wote.

Kuanza si kazi. Ukishaisakinisha na kuipa jina lako na barua pepe, ingia kwenye folda ya mradi, andika git init. Folda iliyofichwa, .git, itajitokeza, historia yote itakaa humo, bila intaneti wala seva. Kisha andika git add ikifuatiwa na jina la faili, halafu hifadhi toleo kwa:

git commit -m "Punguzo halihesabiwi tena mara mbili"

Andika ujumbe wa namna hiyo, unaosema kilichobadilika. "Marekebisho" hautakusaidia mwezi ujao utakaposoma git log ukitafuta hitilafu ilipoingilia.

Ila chunga nywila. Ikishaingia kwenye toleo, hata ukiifuta kesho, jana yake bado inasomeka. Basi jina la faili yenye siri liandike ndani ya faili iitwayo .gitignore, ili Git iipuuze, kabla hujahifadhi toleo la kwanza.