Rangi ya Karafuu Katika Karatasi Yetu

Ndugu wanachama,

Ile karatasi ya picha tuliyokupelekeeni msimu uliopita, ili mlinganishe nayo karafuu zenu za juani, tafadhalini irudisheni ofisini. Picha ya karafuu nzuri imetoka nyeusi kupita kiasi. Mzee mmoja aliiamini, akaziacha zake jamvini siku mbili zaidi akingojea weusi ule, na mizani ikamwonyesha hasara. Aliponijia alisema maneno machache tu: "Bwana Katibu, zangu zilikuwa tayari." Kweli zilikuwa tayari. Kosa ni langu, si la karafuu wala si la wino.

Nimelitafuta kosa hilo nikalipata. Kioo cha kompyuta hufanya rangi kwa mianga mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Mtambo wa kupigia chapa hufanya kwa wino. Basi hudhurungi ya kioo haifiki karatasini bila ya mkalimani. Mkalimani huyo ni profaili ya rangi, daftari la hesabu lisemalo kila tarakimu ya chombo ni rangi gani hasa kwa kipimo cha macho ya watu, kipimo kilichowekwa mwaka 1931. Namna ya kuandika profaili ilipatanwa na makampuni yaliyoungana mwaka 1993, ndiyo maana profaili moja husomwa na programu za namna mbalimbali.

Mimi niliweka wakalimani wawili. Programu ya picha ilikwisha kuzifasiri rangi. Kisha draiva, yaani programu ndogo iendeshayo mtambo, ikazifasiri tena zile zilizokwisha fasiriwa. Programu ikisimamia rangi, usimamizi wa rangi ndani ya draiva uzimwe. Au aachiwe draiva, na programu isiguse kitu. Tena aina ya karatasi itajwe sawasawa, maana karatasi ya kawaida hunywa wino kuliko ile ya kung'aa, na profaili ya hii haifai kwa ile. (Nami nilikuwa nimeandika "ya kung'aa", kwa haraka tu.)

Juzi nimepiga karatasi mpya, nikaiweka mezani karibu na dirisha kando ya karafuu zenyewe. Mkia umekolea hudhurungi, kichwa kimepungua kidogo, kama inavyotakiwa. Itazameni mchana, kivulini. Taa ya manjano ya usiku huigeuza.

Ya kwanza amekwisha pelekewa mzee yule.

Katibu