KARATASI ZETU ZIKAE KWETU



Kesi ya mshahara ikianza, swali la kwanza huwa moja: karatasi iko wapi? Asiye na hati ya mshahara wala mkataba hana mdomo mbele ya mwajiri. Hapa Rubavu wenzetu wametawanyika, toka mashamba ya chai ya Pfunda hadi kiwanda cha bia karibu na Ziwa Kivu. Karatasi zao haziwezi kukaa katika mkoba wa katibu mmoja.

Njia ipo. Kompyuta ya nyumbani, hata iliyotumika, yaweza kufanywa seva, yaani ghala la mafaili. Mjumbe wa tawi hupiga picha karatasi kwa simu yake, akaituma humo. Mwenye ruhusa huichukua akiwa mbali.

Utaratibu wa zamani wa kazi hii ni FTP. Abhay Bhushan aliuandika huko Marekani mwaka 1971. Kasoro yake ni kwamba neno la siri hupita wazi, kama barua isiyo na bahasha. Sisi tutumie SFTP, ambao hufumba kila kinachopita. Programu ya OpenSSH huufanya bila malipo.

Mambo ya kushika ni haya:

1. Kila mjumbe awe na jina lake na ufunguo wake. Akiacha ujumbe, jina lifutwe siku hiyo hiyo.

2. Mjumbe aone mafaili ya tawi lake tu.

3. Kwenye ruta ufunguliwe mlango mmoja tu; kwa kawaida SFTP hutumia namba 22. Kampuni ya intaneti isipotoa anwani inayofikika kutoka nje, mafaili yapokelewe siku ya mkutano, kwa mtandao wa nyumbani.

4. Kila wiki nakala iwekwe kwenye diski nyingine, ikae nyumba nyingine. Umeme ukikatika tutangoja. Diski ikiharibika bila nakala, ushahidi umekwisha.

Tukumbuke pia kwamba hii ni amana. Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda inalinda habari za mtu binafsi, na inamtaka anayezitunza ajiandikishe kwa mamlaka. Basi chama kijiandikishe kwanza, na kila mwanachama aulizwe, akubali.

Mwajiri ana kabati lake la mafaili. Na sisi tuwe na letu.

Umoja ni nguvu!