Kwa Nini Chanjo Hujaribiwa Miaka Mingi?

Sisi wa Kibiti na Delta ya Rufiji malaria tunaijua. Mwaka 2009, huko Bagamoyo, mkoani mwetu Pwani, ilianza awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S. Katika nchi 7 za Afrika waliandikishwa watoto 15,459, kwa idhini ya wazazi wao, wakafuatiliwa hadi mwaka 2014. Kwa nini muda wote huo? Kinga ilikuwa kubwa mwanzoni, kisha ikapungua. Dozi ya nne ikaiongeza. Wangeacha mapema, wasingeyajua hayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa dozi 4. Hata hivyo, chandarua kisiachwe. Na mkiletewa dawa mpya, ulizeni: imejaribiwa kwa nani, na kwa muda gani?