Mfalme Aliyeandika Majuto Yake Juu ya Mwamba

Leo tunawapeleka Bara Hindi ya zamani sana. Wakati huo kulikuwa na falme nyingi. Ufalme mmoja uliitwa Magadha, kando ya mto Ganges. Ardhi yake ilikuwa na rutuba, mpunga ulistawi, na chuma hakikuwa mbali.

Karibu mwaka 321 kabla ya Kristo (K.K.), Chandragupta Maurya alimpindua mfalme wa Magadha. Akaendelea kuteka nchi. Hata Seleucus, Mgiriki aliyetawala upande wa magharibi, alimwachia majimbo ya mpakani, yeye akapewa tembo 500. Hebu fikirini, tembo 500!

Makao makuu yalikuwa Pataliputra, mji unaoitwa Patna siku hizi. Ulizungushiwa boma la magogo lenye malango 64. Na nani aliwalisha askari, makarani na tembo? Mkulima, kwa kodi ya mavuno yake.

Mjukuu wa Chandragupta aliitwa Ashoka. Karibu mwaka 261 K.K. alivamia nchi ya Kalinga, iliyo pwani ya mashariki. Watu 100,000 waliuawa, 150,000 walichukuliwa mateka, na wengi zaidi walikufa baadaye. Hesabu hii ameitoa nani? Ashoka mwenyewe! Aliamuru ichongwe juu ya miamba, pamoja na maneno ya kujuta.

Basi akafuata mafundisho ya Buddha. Akaagiza visima vichimbwe na miti ipandwe kando ya barabara, na dawa zipatikane kwa watu na kwa mifugo. Kijiji cha Lumbini, alikozaliwa Buddha, alikipunguzia kodi ikawa sehemu moja ya nane tu. Maagizo yake yalichongwa kwa lugha za watu wa kawaida, nao maofisa waliwasomea wasiojua kusoma.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Kalinga hakuirudishia uhuru wake. Tena kule Kalinga kwenyewe, kwenye mwamba wa Dhauli, yale maneno ya kujuta hayamo. Waliofiwa hawakuandikiwa.

Ashoka alikufa karibu mwaka 232 K.K. Haikupita hata miaka hamsini, mfalme wa mwisho wa ukoo huo akauawa na jemadari wake mwenyewe. Himaya ikavunjika. Baadaye hata zile herufi zikasahaulika. Karne nyingi watu walipita mbele ya miamba ile wakiona michoro tu, mpaka mwaka 1837 Mwingereza mmoja, James Prinsep, alipofaulu kuisoma.